UFA USIOONEKANA: NAMNA GANI KUUTAFUTA KWA RANGI



Chukua sahani nyeupe ya zamani yenye ufa mudogo. Mwanga wino juu yake, ngoja kidogo, kisha pangusa. Wino itatoka pahali pote, lakini mustari moja utabaki: ndio ule ufa. Kwa chuma ni vilevile. Mafundi wanaita kazi hii resuaje, ni kusema kutoka jasho, kwa sababu ufa unatoa rangi sawa mutu anavyotoa jasho.

Hatua ni tano:

1. Safisha. Ondoa mafuta, kutu na rangi ya zamani, tena kausha. Kama ufa umejaa mafuta, rangi itaingilia wapi?

2. Pakaa rangi nyekundu yenye kupenya. Ngojea dakika 10 mpaka 30. Inaingia yenyewe, sawa petroli inavyopanda ndani ya utambi wa taa.

3. Pangusa kwa kitambaa chenye kulowana kidogo tu na dawa. Ukimwanga dawa juu ya chuma, utaondoa hata rangi iliyo ndani ya ufa.

4. Tia unga mweupe, kidogo kidogo. Unga unavuta rangi inje.

5. Tazama. Mustari mwekundu ni ufa. Alama ya muviringo ni kitundu.

Zamani, kufika karibu 1940, mafundi wa reli walifanya kazi hii kwa mafuta nzito na chokaa.

Angalieni: njia hii inaonyesha ufa wenye kufunguka juu tu. Haifai kwa matofali ao mbao, maana vinanyonya rangi pahali pote.

Tena kuna jambo kubwa. Tarehe 19/7/1989, kule Sioux City, Marekani, ndege ya DC-10 ilianguka. Watu 112 walikufa kati ya 296. Gurudumu la titani ndani ya motere ya nyuma lilikuwa limevunjika. Lilipimwa mwaka wa 1988 kwa rangi yenye kung'aa, na wachunguzi walisema kwamba siku ile ufa ulikuwa tayari, lakini hakuna aliyeuona. Basi dawa peke yake haitoshi. Mwenye kutazama asichoke, asiharakishe.

Maulizo (jibu ndani ya kaye yako):
a) Sababu gani hatumwangi dawa juu ya chuma katika hatua ya tatu?
b) Ufa uliofichwa katikati ya chuma utaonekana? Eleza.