Mwali Uendao Upesi Kuliko Sauti

Tarehe 25 Mei, 1812, mlipuko mkubwa ulitokea katika machimbo ya makaa ya mawe ya Felling, kaskazini ya Uingereza. Watu 92 walikufa, wakubwa kwa wavulana. Adui yao alikuwa gesi itokayo katika makaa yenyewe, iitwayo methani, ambayo haionekani kwa macho wala haina harufu. Ikichanganyika na hewa kwa kadiri ya sehemu 5 hata 15 katika 100, cheche moja yatosha kuiwasha.

Mwaka 1815 Humphry Davy, mtaalamu wa Uingereza, alitengeneza taa ya wachimbaji. Aliuzungushia mwali wavu wa waya wenye matundu madogo sana. Hewa iliweza kupita, lakini mwali haukutoka nje, kwa kuwa waya huvuta joto lake, ukapoa. Tena gesi ilipokuwapo, mwali ulirefuka na kuwa na rangi ya samawati, ukamwonya mchimbaji. Lakini upepo mkali uliweza kuusukuma mwali hata ukapenya wavuni. Basi wataalamu walizidi kuuliza: moto wapitaje katika gesi?

Jibu kubwa lilipatikana Ufaransa mwaka 1881. Marcellin Berthelot na Paul Vieille, na kwa upande wao wahandisi wa migodi Ernest Mallard na Henry Le Chatelier, walijaza mabomba marefu gesi ziwakazo, wakaziwasha mwisho mmoja. Wakaona kwamba moto una mwendo wa namna mbili.

Mwendo wa kwanza ni wa kupashana joto. Moto wa nyika huyapasha joto majani ya jirani, nayo yakishika huyapasha mengine. Mwendo huu ni wa polepole.

Mwendo wa pili ni wa mshindo. Mtu ajazaye upepo gurudumu la baiskeli huona pampu yake imepata moto, kwa maana hewa ikikandamizwa ghafula huzidi joto. Ndivyo ilivyo bombani. Gesi iliyoungua hutanuka, ikaisukuma iliyo mbele. Misukumo ya nyuma huipata ya mbele, kwa kuwa hupita katika gesi iliyokwisha kupashwa joto, hata yote ikawa wimbi moja kali, mfano wa ukuta. Ukuta huo huikandamiza gesi hata ikawaka mara moja, na kule kuwaka huusukuma ukuta mbele tena. Hivyo wimbi huwasha moto, na moto hulipa wimbi nguvu.

Sauti hupita hewani kadiri ya futi 1,100 kwa sekunde moja. Wimbi la mlipuko katika gesi ya haidrojeni iliyochanganywa na oksijeni hupita futi 9,000 na zaidi. Kwa hiyo aliye mbele yake hasikii kitu kabla halijamfikia, maana sauti yenyewe imeachwa nyuma. Hakuna mbio zitakazomwokoa, wala ukelele utakaomwonya.

Basi wakati wa kujiokoa ni kabla ya cheche. Ndiyo sababu machimboni hupitishwa hewa safi daima, gesi hupimwa, na mtu haruhusiwi kuingia na kiberiti wala sigara. Mchimbaji mmoja akiidharau amri hiyo, huwahatarisha wenzake wote walio chini pamoja naye.

Maswali
1. Kwa nini mwali haukupita katika wavu wa taa ya Davy? Ni kitu gani kiliweza kuupitisha?
2. Eleza tofauti ya mwendo wa kupashana joto na mwendo wa mshindo.
3. Pampu ya baiskeli hutufundisha nini juu ya hewa?
4. Kwa nini aliye mbele ya wimbi la mlipuko hausikii mshindo wake ukija?