Pete Mbili za Ndoa Moja



Wengi wetu jioni, baada ya chakula na sala ya familia, hukaa kidogo mbele ya runinga. Mchezo ukiisha, tunazima taa na kwenda kulala. Ni mara chache mume na mke huulizana, "Yule alifanya vile kwa nini? Na wewe ungefanyaje?" Leo tujifunze kuulizana hivyo. Mchezo wa kuigiza uliotungwa vizuri ni kama kioo: waweza kuutazama tu, au waweza kujitazama ndani yake.

Nimechagua mchezo wa Marekani uitwao The Americans, ulioonyeshwa kuanzia mwaka 2013 hadi 2018. Tutaitazama hasa sehemu yake ya mwisho, ya tarehe 30 Mei 2018. Watu huuita mchezo wa majasusi, lakini ukiuangalia kwa makini utaona unahusu ndoa. Nawatahadharisha mambo mawili. Kwanza, una mauaji na mambo ya chumbani, kwa hiyo haufai watoto. Pili, ili tujifunze itanibidi kueleza mwisho wote.

KISA KWA UFUPI

Philip na Elizabeth Jennings wanaishi karibu na jiji la Washington katika miaka ya 1980. Wana ofisi ya kupanga safari za watu, na watoto wawili, Paige na Henry. Majirani wanawaona ni Wamarekani kama wao. Kumbe ni Warusi, majasusi wa KGB. Wakubwa wao ndio waliowaunganisha wakiwa vijana, wakawapa majina ya uongo na kuwatuma Marekani wakaishi kama mke na mume. Hata watoto walizaliwa katika mpango huo.

Aliyeutunga mchezo, Joe Weisberg, aliwahi kufanya kazi katika shirika la ujasusi la CIA. Jambo lenyewe si ndoto tupu: mwezi wa Juni 2010 watu 10 walikamatwa Marekani kwa kuitumikia Urusi kwa siri, na baadhi yao walikuwa mke na mume wenye watoto.

Jirani wa akina Jennings ni Stan Beeman, mpelelezi wa FBI, ambaye kazi yake ni kuwasaka watu kama hao. Stan na Philip wanakuwa marafiki wa kweli. Sehemu ya mwisho iko katika mwaka 1987, Gorbachev na Reagan wakizungumza juu ya kupunguza silaha. Siri imefichuka, na wawili hao lazima wakimbie.

KANUNI YA KUSOMA NIA

Tutajuaje nia ya mtu ambaye kazi yake ni kusema uongo? Tukiyafuata maneno yake tutapotea. Nawapa kanuni moja: nia ya mtu huonekana katika kile anachokubali kukipoteza. Mtu akibanwa na hawezi kuokoa vyote, tazama anaokoa nini na anaacha nini. Hapo moyo wake uko wazi.

PETE

Kabla ya kuvuka mpaka, Philip na Elizabeth wanafukia ardhini vitu vya maisha yao ya uongo. Pamoja navyo wanafukia pete za ndoa walizovaa miaka yote ya Marekani. Kisha wanavaa pete nyingine.

Mtu asiyefuatilia mchezo atadhani hiyo ni hila nyingine ya majasusi. Lakini pete hizo mpya zina historia. Katika msimu wa tano, Philip alimwomba Elizabeth wafunge ndoa ya kweli. Padre wa Kiorthodoksi aliwafungisha kwa siri, usiku, kwa majina yao halisi ya Kirusi, Mikhail na Nadezhda. Hawakuambiwa na wakubwa wao, na hawakupata faida yoyote. Wakati huo walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka 15 na watoto wao walikuwa wakubwa.

Kwa nini basi wafunge ndoa? Kwa sababu mapenzi yalipokomaa yalidai jina la kweli. Huwezi kumpenda mtu sawasawa ukiwa umemfungia mlango wa jina lako. Ndiyo maana katika sehemu ya mwisho, wanapopoteza nyumba, kazi, rafiki na watoto, pete hizo hawaziachi. Tukitumia kanuni yetu, tunajua sasa kwamba ndoa hiyo iliyoanza kwa amri ya wakubwa ilikuwa imegeuka kuwa yao wenyewe.

Lakini tazameni jambo jingine. Padre yule naye alikamatwa. Alipohojiwa alisema kwamba aliwahi kuwafungisha ndoa majasusi, akawaeleza walivyo, na sura zao zikachorwa. Kitendo chao kimoja cha kweli kikawa ushahidi dhidi yao. Ukweli ukiingia katika nyumba iliyojengwa juu ya uongo, nyumba hutikisika. Hilo si kosa la ukweli.

STAN KATIKA GEREJI

Stan anawakuta Philip, Elizabeth na Paige katika gereji ya jengo alimoishi Paige. Ana bunduki. Miaka yote amekuwa akiwatafuta watu hawa, kumbe alikuwa akila nao. Mwisho anasogea pembeni, wanapanda gari na kwenda zao. Kwa nini amewaachilia?

Wengine husema ni siasa: Philip amemweleza kwamba kuna watu Moscow wanaotaka kumwangusha Gorbachev, na kwamba lazima wafikishe habari. Wengine husema ni Henry, kwa maana Stan amempenda kijana huyo kama mwanawe, na wazazi wanamwachia amtunze. Mimi naona sababu hizo zina uzito, lakini kubwa ni urafiki. Stan ni mtu mpweke, ndoa yake ya kwanza ilivunjika, na Philip ndiye aliyekuwa msiri wake. Angempiga risasi, angekuwa ameua pia miaka yote ya urafiki, na kukubali kwamba haikuwa kitu.

Hata hivyo, msimsifu Philip haraka. Katika gereji hiyo hiyo, Stan anapotaja watu waliouawa, wanakana. Wanasema ukweli kwa kipimo, ule unaowasaidia tu. Kisha, wakiondoka, Philip anamwambia Stan kwamba huenda hata mke wake mpya, Renee, ni jasusi, ingawa hana hakika. Baadaye tunamwona Stan akimtazama mkewe usingizini. Uongo haukuondoka na wale wawili. Ulihamia nyumba ya jirani.

PAIGE NA TRENI

Wanasafiri kwa treni kwenda Kanada, wamekaa mbalimbali, wamebadili sura. Mpakani maafisa wanakagua pasipoti. Elizabeth anapumua baada ya kukaguliwa. Treni inaanza kuondoka, anatazama dirishani, anamwona binti yake amesimama nje. Paige ameshuka. Hakuaga.

Nia ya Paige ni ipi? Tukumbuke kwamba yeye alijua siri ya wazazi tangu akiwa msichana, na mama yake akamfundisha kazi. Lakini alifundishwa nusu ya habari. Muda mfupi kabla ya safari hii aligundua kwamba mama alimdanganya juu ya mambo anayoyafanya kazini. Tena alikasirika sana aliposikia kwamba Henry anaachwa. Na gerejini alisikia habari za mauaji. Kwa hiyo sidhani alishuka kwa kuogopa Urusi. Alishuka kwa sababu hakuwa na namna ya kujua ni neno gani la wazazi wake aliamini. Mtoto hawezi kusafiri na mzazi asiyemwamini, hata kama anampenda.

Tazameni pia ishara ya dirisha. Mama anamwona binti, binti anamwona mama, lakini kioo kiko katikati na treni haisimami. Ndivyo walivyoishi miaka yote: walionana kila siku kupitia kioo.

SIMU KWA HENRY

Henry hakujua lolote. Yuko shule ya bweni. Wazazi wanampigia simu kutoka kibanda cha barabarani. Baba anamwambia anavyojivunia, na kwamba wanampenda. Mama anashindwa kusema mengi. Kijana ana haraka, anataka kurudi mchezoni kwa wenzake. Anadhani ni simu ya kawaida.

Hapo mimi na mke wangu tulitofautiana. Mimi nilisema wazazi walifanya vizuri kumwacha, kwa sababu maisha yake yote yako Marekani. Mke wangu akasema, "Baba watoto, kumwacha ni jambo moja. Kumwacha bila kumwambia ni jambo jingine." Nilinyamaza. Baadaye mchezo unamwonyesha Stan amekwenda shuleni kumpa Henry habari. Tunawaona wakiongea kwa mbali, bila kusikia neno. Mtunzi ametunyima sauti, nadhani, ili tuelewe kwamba maneno hayo yalipasa kutoka kinywani mwa mwingine.

MBELE YA TAA ZA MOSCOW

Mwisho, wawili hao wamesimama usiku wakitazama taa za Moscow. Wanakisia maisha yangekuwaje kama hawakutumwa. Pengine wangekutana kwa bahati katika basi. Wanajifariji kwamba watoto si wadogo tena. Philip anasema kwa Kiingereza kwamba anajisikia mgeni. Elizabeth anamjibu kwa Kirusi kwamba watazoea.

Lugha hiyo nayo ni ishara. Kwa miaka mingi walikatazwa kuitumia, hata chumbani. Sasa wako huru kuisema, lakini hakuna mtoto wa kuisikia. Na sisi watazamaji tunajua wasilolijua: nchi waliyoipa kila kitu, Muungano wa Kisovieti, ilivunjika mwezi wa Desemba 1991, miaka minne tu baadaye. Kilichobaki mkononi mwao ni pete.

Basi je, ni mwisho wa furaha au wa huzuni? Mimi nasema ni ndoa iliyookoka na familia iliyopotea. Wawili walijifunza kuambiana ukweli, lakini walichelewa kuufikisha kwa watoto na kwa rafiki.

KUMHUSU ALIYEANDIKA

Ningekuwa mnafiki kama ningeishia Moscow. Usiku ule mchezo ulipokwisha, mke wangu alikwenda jikoni kufunika chakula. Mimi nilikaa na moyo mzito. Miaka miwili iliyopita nilimdhamini ndugu yangu mkopo, akashindwa kulipa, na kila mwezi nikawa nakatwa fedha. Mke wangu nilimwambia kwamba kazi imepungua. Yeye akajinyima, akaacha kununua hata kitambaa cha kushona nguo ya sikukuu.

Nilimfuata jikoni nikamwambia. Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu: "Na mengine ni yapi?" Swali hilo lilinichoma kuliko deni lenyewe, maana nilikuwa nimemfanya kama Paige, asijue ni neno gani langu aliamini. Tulikaa hadi usiku sana tukipiga hesabu kwenye daftari la mtoto. Deni bado lipo, lakini sasa tunalilipa wawili. Wahenga walisema kweli: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wapendwa, wengi wetu hatuna pasipoti za bandia. Lakini tuna simu zinazogeuzwa kifudifudi, madeni yasiyotajwa, na mtoto wa nje ambaye jina lake halijatamkwa nyumbani. Siku ya ndoa tulivalishana pete mbele ya watu. Pete ya pili, ile ya kumpa mwenzako jina lako halisi pamoja na aibu zake, hutolewa jikoni, usiku, bila mashahidi. Usingoje mpaka treni ianze kuondoka.

MASWALI YA KUJADILIANA WAWILI

1. Kwa maoni yako, Stan aliwaachilia kwa nini? Mweleze mwenzako, kisha msikilize bila kumkatiza.

2. Je, wazazi walimpenda Henry kwa kumwacha, au walijirahisishia? Mngefanyaje ninyi?

3. Watoto wetu wakibaki na neno letu moja tu la kuamini, lingekuwa lipi?

4. Je, kuna jambo ambalo mwenzangu angelisikia kwanza kwa jirani kabla ya kulisikia kwangu? Kama lipo, nitamwambia lini?