Betri ya Gari: Chanzo cha Mlipuko na Njia za Kuuzuia

Watu wengi huiogopa petroli iliyomo katika gari, lakini ni wachache waiogopao betri. Sanduku hilo halitoi moto wala moshi, na volti zake 12 ni chache hata mtu akizigusa ncha zake mbili kwa mikono mikavu hasikii chochote. Hata hivyo sanduku hilo huweza kupasuka ghafla kwa kishindo, likarusha vipande vya plastiki na matone ya asidi usoni mwa mtu aliyeliinamia, na kumharibia macho. Makala haya yanaeleza ni kitu gani hasa kinacholipuka, na kwa nini kanuni za mafundi hodari si mazoea matupu bali ni matokeo ya kemia.

Kinacholipuka ni nini?

Betri ya kawaida ya gari ina vyumba sita viitwavyo seli, na kila seli hutoa volti 2 hivi. Ndani ya seli mna bamba za risasi na bamba za dayoksidi ya risasi, zilizozama katika maji yenye asidi ya salfuri. Betri ikiwa imejaa umeme, zaidi ya theluthi moja ya uzito wa mchanganyiko huo ni asidi. Betri ya namna hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika.

Betri inapochajiwa, umeme hugeuza kemikali zilizo katika bamba. Kazi hiyo inapokaribia kwisha, umeme unaozidi kuingia hukosa kemikali ya kugeuza, nao huanza kuyachambua maji yenyewe. Haidrojeni hutoka kwenye bamba hasi, na oksijeni kwenye bamba chanya:

2H₂O → 2H₂ + O₂

Gesi hutoka kwa wingi volti za betri zinapozidi 14.4 hivi, yaani 2.4 kwa kila seli. Gesi hizo hutoka kwa uwiano wa 2 kwa 1, nao ndio uwiano hasa unaofaa ili ziungane tena na kuwa maji. Mwanafunzi aliyewahi kusogeza kijiti chenye moto kwenye mdomo wa neli ya haidrojeni anaujua mlio wake mdogo. Mlipuko wa betri ni tukio hilo hilo, ila badala ya neli iliyo wazi pana sanduku lililofunikwa, tena lenye asidi.

Hesabu ya gesi

Kwa kufuata sheria za Faraday, ampea 1 ikichambua maji katika seli moja kwa saa 1 hutoa lita 0.42 ya haidrojeni, ikipimwa katika nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya kawaida ya hewa. Basi betri yenye seli 6, ambayo imekwisha kujaa lakini inaendelea kuchajiwa kwa ampea 5, itatoa kwa saa moja:

0.42 × 5 × 6 = lita 12.6 za haidrojeni

Maji yaliyopotea ni gramu 10 hivi tu, kiasi cha vijiko viwili vya chai. Haidrojeni huweza kuwaka ikiwa ni asilimia 4 tu ya hewa, na huendelea kuwa ya hatari hadi asilimia 75. Ni dhahiri, basi, kwamba kadiri maji yanavyopungua ndani ya betri, ndivyo nafasi ya kukusanya gesi inavyoongezeka juu ya bamba.

Cheche hutoka wapi?

Gesi peke yake hailipuki, hungoja cheche. Cheche huweza kutoka nje ya betri: waya uliolegea kwenye ncha, sigara, au kibiriti kilichowashwa usiku ili kuangalia kina cha maji. Spana ikigusa ncha chanya na bodi ya gari kwa pamoja, hupitisha mkondo wa mamia ya ampea na kutoa cheche kubwa. Cheche huweza kutoka ndani pia, iwapo kiungo cha bamba kimekatika au kulegea. Ndiyo maana baadhi ya betri hulipuka wakati dereva anapowasha gari, hali hakuna mtu aliyeigusa.

Kanuni na sababu zake

1. Betri ichajiwe mahali penye hewa ya kutosha. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa takriban mara 14, hivyo hupanda. Chumba kiwe na matundu karibu na dari. Jambo hili lawahusu pia wenye betri za asidi za umeme wa jua, ambazo hazifai kuwekwa chumba cha kulala.

2. Chaja izimwe kabla ya kufunga au kufungua vibanio vyake, ili cheche isitokee juu ya betri.

3. Maji yaliyopungua yaongezwe kwa maji yaliyokenekwa, si kwa asidi, kwa maana kilichopotea ni maji. Matundu ya vizibo yasizibwe na matope.

4. Katika gari ambalo bodi yake imeungwa na ncha hasi, waya wa ncha hasi ufunguliwe kwanza na kurudishwa mwisho. Ukishafunguliwa, spana ya ncha chanya hata ikigusa bodi haikamilishi njia ya umeme.

5. Gari likisaidiwa na betri ya gari jingine, nyaya za chanya ziungwe kwanza: betri iliyoisha, kisha betri nzima. Halafu waya wa hasi uungwe kwenye betri nzima, na ncha yake ya mwisho ifungwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokwama, mbali na betri. Kiungo cha mwisho ndicho kinachotoa cheche, basi kitoe mahali pasipo na gesi. Kufungua kufuate mpangilio wa kinyume.

6. Afanyaye kazi hiyo avae miwani ya kinga, wala asiinamishe uso juu ya betri.

Betri zilizofungwa kabisa hupunguza hatari lakini haziiondoi, kwani zikichajiwa kupita kiasi vali zake hufunguka na kutoa gesi.

Asidi ikiingia machoni

Macho yaoshwe papo hapo kwa maji mengi safi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15, kope zikiwa zimefunuliwa. Kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia. Asitiwe maziwa wala magadi. Magadi huweza kutuliza asidi iliyomwagika sakafuni, lakini jichoni huongeza madhara.

Maswali ya kujipima

1. Betri iliyojaa inachajiwa kwa ampea 8 kwa saa 3. Tafuta lita za haidrojeni na za oksijeni zitakazotoka.

2. Eleza kwa nini betri yenye maji machache ni ya hatari zaidi kuliko iliyojaa maji.

3. Fundi amefungua waya wa chanya kwanza. Chora njia ya umeme spana yake inapogusa bodi ya gari.