Mafunzo Niliyopata Nikitafuta Mlango wa Discworld

Riwaya za Discworld za Mwingereza Terry Pratchett ziko 41. Ya kwanza ilitoka 1983, ya mwisho Agosti 2015, miezi mitano baada ya mwandishi kufariki. Zinasimulia dunia bapa kama sinia, iliyobebwa na tembo wanne waliosimama juu ya kasa anayeogelea angani. Picha hiyo haikunishangaza. Bibi yangu alitusimulia kwamba dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe, naye akitikisa kichwa ndipo ardhi hutetemeka. Kilichonisumbua ni jambo dogo zaidi: katika vitabu 41, nishike kipi kwanza? Nilihangaika miaka kadhaa, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Namba moja ni tarehe, si ushauri

Nilianza na The Colour of Magic kwa kuwa ndicho cha kwanza. Kinamfuata Rincewind, mchawi asiyeweza uchawi, akimtembeza mtalii mwenye sanduku linalomkimbilia kwa vijiguu vyake mamia. Pratchett alikuwa akiwatania waandishi wa hadithi za majoka na mapanga waliomtangulia, na mimi sikuwa nimewasoma. Ikawa kama kusimuliwa vituko vya harusi ambayo sikualikwa: wenzangu wameshika mbavu, mimi nauliza bwana harusi ni nani. Nikakunja pembe ya ukurasa, nikakirudisha kabatini. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata ningevumilia, kisa kinakatikia ukingoni mwa dunia na kumaliziwa katika kitabu cha pili, The Light Fantastic, cha 1986.

2. Mwandishi naye ana siku zake za kujifunza kazi

Miaka ikapita. Siku moja, kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa kando ya barabara Posta, Dar es Salaam, nikaokota Guards! Guards! kwa sababu tu kilikuwa rahisi na jalada lake halijachanika. Karibu na mwanzo tunamkuta Kapteni Vimes mtaroni, amelewa chakari, mvua inamnyeshea. Ndiye mkuu wa askari wa zamu ya usiku katika jiji la Ankh-Morpork. Katika hadithi nyingi za aina hii askari huingia mbio, shujaa akawafyeka, basi. Pratchett aliwapa majina, mishahara duni na woga, kisha akawaletea joka. Nilipokimaliza ndipo nikagundua kwamba kilitoka 1989, nacho ni cha nane. Kufikia hapo mwandishi alikuwa ameacha kutania vitabu vya watu, anawatazama watu wenyewe. Na vile saba nilivyoviruka havikunidai chochote.

3. Tafuta vijito, usihesabu mto

Mfululizo huu ni vijito kadhaa vinavyopita nchi moja. Kuna kijito cha askari wa Vimes. Kuna cha Rincewind. Kuna cha Kifo mwenyewe, anayesema kwa herufi kubwa tupu. Katika Mort, cha 1987, anachukua kijana wa kujifunza kazi yake. Kuna cha vibibi wa ufalme mdogo wa Lancre, wanaoitwa wachawi ingawa shughuli zao ni za mkunga na mganga zaidi kuliko za yule mchawi tunayemwogopa. Kuna cha Moist von Lipwig, tapeli aliyenusurika kitanzi akakabidhiwa shirika la posta lililokufa alifufue: hicho kinaanzia Going Postal, cha 2004. Anza penye chemchemi ya kijito unachokipenda.

Nilijiona mjinga kidogo, maana jambo hili nililijua tangu utotoni. Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, nilikutana naye katika Siri ya Sifuri, cha 1974, na Mzimu wa Watu wa Kale, cha 1960, nikakisoma baadaye. Hakuna aliyenikataza, wala Bwana Msa hakunigomea.

4. Uhuru huo una mipaka

Kwa kiburi cha kuruka saba salama, nikarukia Night Watch, cha 2002, kwa kuwa kila msomaji alikuwa akikisifu. Ndani yake Vimes anarudishwa miaka thelathini nyuma, anakutana na yeye mwenyewe akiwa askari mchanga. Kitabu ni kizuri, lakini nilikisoma kama mgeni msibani: naona watu wanalia, marehemu simjui vizuri. Kile ni cha sita katika kijito chake. Ruka kijito kizima ukitaka, ila ukishaingia katika kimoja, fuata maji yanakokwenda.

5. Mlango wako si wa mwenzako

Mpwa wangu wa miaka kumi na mitatu aliponiomba kitabu, nikasahau yote niliyojifunza, nikampa kile cha kwanza. Siku ya tatu akakirudisha.

"Mjomba, hiki kitabu kinacheka peke yake."

Nikampa The Wee Free Men, cha 2003, kuhusu Tiffany Aching, binti wa miaka tisa anayekwenda na kikaango kumwokoa mdogo wake kwa malkia wa vichimbakazi. Hicho hakikurudi. Tangu hapo naanza kwa kumuuliza mtu anapenda nini. Rafiki yangu mwalimu wa fasihi, aliyesoma Makbeth katika tafsiri ya S. S. Mushi, nilimpa Wyrd Sisters, kinachoipindua tamthilia ile kichwa chini, miguu juu. Anayetaka kimoja tu aende zake, nampa Small Gods, cha 1992: mungu aliyejikuta kobe, amebakiwa na muumini mmoja. Kinajitegemea mwanzo hadi mwisho.

6. Namba moja ina siku yake

Baada ya vitabu kumi na vinne nilirudi kabatini. The Colour of Magic kilikuwa palepale, pembe ya ukurasa bado imekunjwa. Nilianza upya. Safari hii jiji nalijua, Kifo namjua, na yule mtalii akishuka bandarini tayari najua ni nani watakaomwibia. Usiku mke wangu akageuka kitandani akauliza nacheka na nani.