Mtoto Asiyetulia Tumboni: Mambo ya Kujua Katika Majuma ya Mwisho

Mama mwenye mimba ya majuma 37 alikwenda kliniki akapimwa, akaambiwa kwamba mtoto yu wima, kichwa kikiwa chini. Akafurahi, akarudi kwake. Juma lililofuata alipimwa tena, na mkunga akakaa kimya kitambo huku mikono yake ikitafuta.

"Sista, kuna nini?"

"Leo amekingama, mama. Kichwa kiko ubavuni, upande wa kushoto."

"Lakini juzi uliniambia kiko chini!"

"Juzi kilikuwa chini. Huyu mtoto wako bado hajachagua mahali pa kulala."

Mazungumzo ya namna hii husikika katika zahanati nyingi, na aghalabu mama huondoka akidhani mkunga hakupima vizuri hapo kwanza. Akifika nyumbani hupewa mashauri. Mama mkwe humtaka aitwe bibi ajuaye kukanda tumbo. Jirani husema kwamba mtoto achezaye hivyo ni wa kiume, tena mwenye nguvu. Mume naye husema ngoja tuone. Hakuna hata mmoja kati yao aulizaye swali lililo kubwa kuliko yote, nalo ni hili: je, chupa itakapopasuka, mama huyu atakuwa wapi?

Kugeukageuka kwa mtoto si ugonjwa. Katika miezi ya mwanzo yeye ni mdogo na maji yanayomzunguka ni mengi, hivyo huogelea kama samaki mtungini. Hata mimba ifikapo majuma 28, kadiri ya mtoto mmoja kati ya wanne au watano huwa ametanguliza matako. Kisha mtoto hukua, nafasi hupungua, na kwa kuwa mji wa mimba una umbo kama la peasi, wengi wao hujipanga wenyewe kichwa chini. Wakati wa kuzaliwa ufikapo, watoto 3 au 4 tu katika kila 100 huwa wametanguliza matako, na waliokingama ni wachache zaidi, kadiri ya mmoja katika kila 300. Kwa hiyo mama wa miezi saba aambiwaye kwamba mtoto amekaa vibaya hana sababu ya kukosa usingizi. Ila baada ya majuma 37, mtoto ambaye leo yu wima, kesho amekingama, na kesho kutwa amelala mshazari, hapana budi aangaliwe kwa makini.

Kwa nini mwingine asitulie? Mara nyingi mama huyo amekwisha kuzaa mara nne, tano au zaidi, na misuli ya tumbo lake imelegea kama kamba za kitanda cha zamani. Mtoto hana kitu cha kumshika. Mara nyingine maji ya uzazi ni mengi kupita kiasi, jambo ambalo huweza kutokana na ugonjwa wa sukari. Au kondo la nyuma limejishika chini, likaziba mlango, na kichwa hakipati mahali pa kushukia. Yaweza pia kuwa ni mapacha, au uvimbe katika mji wa mimba, au nyonga iliyo nyembamba, au mji wa mimba wenye umbo lisilo la kawaida. Hata kibofu kilichojaa mkojo huweza kukisukuma kichwa kando, na ndiyo sababu mkunga mwenye bidii humwomba mama aende chooni kwanza, ndipo amguse tumbo. Ikiwa hii ni mimba ya kwanza, daktari hutafuta sababu kwa bidii zaidi, maana misuli ya mama huyo haijachoka, na huenda ipo kizuizi kinachomfukuza mtoto chini. Skani huonyesha kondo liko wapi, maji ni kiasi gani, na watoto ni wangapi.

Sasa hatari yenyewe. Kichwa cha mtoto kikiwa chini, hukaa katika nyonga kama kizibo katika mdomo wa chupa. Maji yakitoka, kizibo kipo. Lakini mtoto akiwa amekingama, mlango hauna kizibo, na maji yamwagikapo kwa nguvu huweza kuukokota utepe wa kitovu ukatangulia nje. Katika utepe huo ndimo ipitamo damu ya mtoto na hewa yake. Ukibanwa, uhai wake huhesabiwa kwa dakika. Tena, mtoto aliyekingama hawezi kuzaliwa kwa njia ya kawaida, hata mama asukume namna gani. Bega hukwama au mkono hutoka, uchungu huendelea bure, na hatimaye mji wa mimba huweza kupasuka. Hapo mama na mtoto wote wawili wamo hatarini.

Ndiyo maana daktari huweza kumwambia mama huyo alazwe hospitalini kuanzia majuma 37, ingawa hasikii maumivu yoyote. Wako wanaokasirika: shamba halijapaliliwa, watoto wengine hawana wa kuwapikia, naye amelala kitandani akiwa mzima wa afya! Mtu asimcheke kwa hasira hizo, kwani ni za haki. Lakini afahamu kwamba halazwi kwa sababu ni mgonjwa; analazwa ili chupa ikipasuka usiku wa manane, chumba cha kupasulia kiwe hatua chache tu kutoka kitandani pake. Kila siku hupapaswa tumbo kuona mtoto amelalaje. Wengi wa watoto hawa hujiweka wima wenyewe kabla ya uchungu kuanza, na mtoto akikaa wima siku mbili au tatu mfululizo, daktari huweza kumruhusu mama arudi nyumbani.

Asipotulia, ziko njia nyingine. Daktari huweza kumgeuza mtoto kwa mikono juu ya tumbo, baada ya kumpa mama dawa ya kuulegeza mji wa mimba, huku akisikiliza moyo wa mtoto kabla na baada. Kwa watoto waliotanguliza matako kazi hiyo hufaulu kwa karibu nusu ya akina mama. Taabu ni kwamba mtoto mwenye tabia ya kugeuka huweza kurudi alikotoka jioni ile ile. Basi mara nyingine akiisha kuwekwa sawa, uchungu huanzishwa papo hapo kwa dawa, watu wa upasuaji wakiwa tayari. Na kama kondo limeziba mlango, au mtoto amekataa kabisa, mama hupasuliwa kwa siku iliyopangwa, jambo lililo salama zaidi kuliko kupasuliwa kwa haraka baada ya hatari kuingia.

Hapa yafaa kusema neno juu ya kukandwa tumbo. Akina bibi waifanyao kazi hiyo hawana nia mbaya, na wengine wana mikono yenye ujuzi wa miaka mingi. Lakini mkono hauwezi kujua kama kondo liko mlangoni, wala hausikii moyo wa mtoto ukidhoofika. Kumsukuma kwa nguvu huweza kulibandua kondo na kuleta damu nyingi, na nyumbani hakuna wa kuizuia. Kugeuza mtoto ni kazi ya hospitali. Ama kupiga magoti na kuinama, kama wengine washaurivyo, haijathibitika kwamba humgeuza mtoto, lakini kama humpumzisha mama mgongo, hakuna ubaya. Ulalapo usiku ni heri mama alale kwa ubavu wala si chali, na hivyo ndivyo ilivyo kwa kila mwenye mimba iliyopita majuma 28. Tena akiona mtoto amepunguza kucheza kuliko desturi yake, asingoje siku ya kliniki. Aende siku ile ile.

Vipi basi kwa mama aliye mbali? Tuseme anakaa Budalang'i katika kaunti ya Busia, ambako mto Nzoia umefurika mara nyingi wakati wa mvua za masika na kuzifunika njia. Kwake yeye kungojea dalili ndiyo hatari yenyewe. Afadhali ahamie kwa ndugu au rafiki aliye karibu na hospitali yenye upasuaji, na ahame mapema, kabla ya juma la 37 kwisha. Mume na atafute gari na mwenye gari, waafikiane malipo, na namba yake ya simu iandikwe mahali ambapo hata mtoto wa shule aweza kuiona. Pikipiki haifai kwa mama ambaye chupa yake imepasuka. Shangazi au dada na aombwe mapema kuwatunza watoto. Kitabu cha kliniki kikae ndani ya mfuko pamoja na nguo, na watu wawili wa jamaa wawe tayari kutoa damu ikihitajika.

Chupa ikipasuka kabla ya hayo yote, hata kama hakuna uchungu, safari ianze mara moja. Kama utepe wa kitovu umeonekana, mtu asiuguse wala asijaribu kuurudisha ndani. Mama apige magoti, kifua na uso vikiwa chini na matako juu, ili uzito wa mtoto usiubane utepe. Ndani ya gari alale kwa ubavu wa kushoto, mito au blanketi zilizokunjwa zikiwa chini ya nyonga. Mkono wa mtoto ukitokea, usivutwe. Na mmoja wa jamaa apige simu hospitalini wangali njiani, aseme maneno mawili tu: kitovu kimetangulia, au mtoto amekingama. Mkunga atakayeipokea simu hiyo atajua la kufanya, na milango ya chumba cha kupasulia itakuwa wazi gari lifikapo.