Mto Ndani ya Tangi la Kioo

Mtu akitaja tangi la samaki mara twafikiri samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika. Hao ni watu wa ziwa. Sisi wa Gitega na Muyinga ni watu wa mito, na nimeona yafaa kuwaelezeni jinsi tangi la nyumbani liwezavyo kufanana na mto. Kazi hii ina hesabu ndani yake, nayo ndiyo huwashinda wengi.

Tuutazame mto wenyewe kwanza. Ruvubu huanzia kaskazini upande wa Kayanza, hupokea maji ya Ruvyironza karibu na Gitega, kisha hugeuka kuelekea Muyinga na mpaka wa Tanzania, ambako huungana na Kagera. Katika vijito vya mlimani maji hugonga mawe na kuchanganyika na hewa. Katika mito ya nchi yetu wako samaki wadogo wa jamii ya Chiloglanis, ambao mdomo wao ni kama kikombe cha kunyonya: hujibandika juu ya jiwe wasichukuliwe na mkondo. Samaki wa namna hii hafai kuwekwa katika maji yaliyolala.

Maji ya nyuzi 20, penye usawa wa bahari, huweza kushika oksijeni miligramu 9 hivi kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushika 7 na nusu tu. Gitega iko juu mita 1,500 hivi, na hewa yake ni nyepesi, basi kiasi hicho hupungua kama sehemu moja ya sita. Kwa hiyo tangi likae kivulini.

Tuseme tangi lina urefu wa sentimeta 100, upana 40, na kina cha maji 30. Hizo ni lita 120, yaani kilo 120 bila kioo wala mawe. Meza ya kusomea haitastahimili. Laza mabomba mawili ya plastiki sakafuni toka ncha hata ncha. Upande wa kulia kila bomba liishie katika sponji. Upande wa kushoto lisimame, na juu yake pampu ndogo. Funika kwa changarawe. Pampu huvuta maji kupitia sponji na mabomba, kisha huyatupa yarudi kulia juu ya mawe.

Sasa hesabu. Pampu mbili zikisukuma lita 2,400 kwa saa, ni sentimeta za ujazo 667 kwa sekunde. Gawanya kwa 40 mara 30, yaani 1,200: mwendo ni nusu sentimeta tu kwa sekunde! Konokono angecheka. Wengi hukimbilia kununua pampu kubwa, lakini dawa ni mawe. Yapange yaache mlango wa upana 10 na kina 6, na mwendo hapo utafika sentimeta 11. Nyuma ya mawe maji hutulia, na samaki hupata pa kupumzika, kama mtoni.

Hatari kubwa ni umeme kukatika. Pampu ikisimama usiku, samaki hawa huweza kufa kabla ya asubuhi. Weka juu ya tangi ndoo ya lita 20 yenye mrija mwembamba utoao lita moja kila dakika tatu. Itachukua saa nzima, kisha ijazwe tena kwa maji ya tangi lenyewe. Bwenini twaweza kupokezana zamu. Nyumbani sijui nani ataamka.

Maji ya bomba yakae wazi siku nzima ili klorini itoke. Kisha ngojeni majuma sita, mkitia chembe za chakula kila siku, ili vijidudu vinavyosafisha uchafu vikue katika sponji. Samaki msiwatoe katika Hifadhi ya Ruvubu, iliyowekwa mwaka 1980.

Kabla ya kuweka samaki, fanyeni jaribio moja. Mwageni kikombe cha udongo mwekundu wa shamba mbele ya pampu. Maji yatakuwa kama Ruvubu baada ya mvua. Kesho yake yataanza kutakata, lakini inueni jiwe mtazame chini: nafasi zote ambamo wadudu na samaki wadogo hujificha zitakuwa zimezibwa na tope.