Masika Yakifika, Bajeti ya Mji Imeshafungwa

Kila mwaka mvua za masika zinapoanza kukata barabara za mitaani, diwani hupigiwa simu mfululizo, mwenyekiti wa mtaa hufuatwa hadi nyumbani, na picha za karavati lililosombwa huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Malalamiko hayo ni ya haki kabisa. Lakini hutolewa Aprili, na kufikia Aprili makisio ya mwaka unaofuata yameshapita kwenye Baraza la Madiwani na yako Dodoma. Anayetaka mtaro wa mtaa wake uingie kwenye bajeti inabidi aanze kuusemea kabla ya Krismasi.

Mwaka wa fedha wa Tanzania huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Miezi kadhaa kabla ya hapo, Wizara ya Fedha hutoa mwongozo wa kuandaa mpango na bajeti, na kila halmashauri hupewa ukomo wake wa fedha, kiasi ambacho makisio yake hayatakiwi kukivuka. Kati ya hapo na Februari hivi, vipaumbele hupanda ngazi: mkutano wa mtaa, Kamati ya Maendeleo ya Kata, wataalamu na kamati za kudumu za halmashauri, halafu Baraza la Madiwani. Kisha hufuata mkoa, TAMISEMI na Bunge la bajeti. Kadiri kitabu cha bajeti kinavyopanda, ndivyo inavyokuwa vigumu kukibadilisha. Kwenye Baraza mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza, ila anayesema ni diwani wake. Mkutano wa mtaa ndipo mahali ambapo fundi cherehani na mama lishe wanaweza kunyanyua mkono na hoja yao ikaandikwa kwenye muhtasari. Muhtasari huo ni silaha. Hoja isiyoandikwa haifiki kwenye kata.

Kabla ya kwenda kudai, mjue mwenye kazi. Barabara kuu zinazopita katikati ya mji ziko chini ya TANROADS. Za mitaani, tangu 2017, ziko chini ya TARURA, pamoja na makaravati na mitaro ya kando yake, na sehemu kubwa ya fedha za kuzitunza hutoka Mfuko wa Barabara, unaojazwa na tozo ya mafuta. Maji yana mamlaka yake. Soko, stendi, machinjio, dampo na uzoaji wa taka ni vya halmashauri. Mgawanyo huu huwachosha wananchi, na nawaelewa: taka za sokoni zikiziba karavati, mzoaji ni halmashauri na mwenye karavati ni TARURA, na maji hayasubiri ofisi hizo mbili ziandikiane barua. Kwa hiyo dai la mtaro lipelekwe likiwa na dai la taka ndani yake.

Upande wa mapato, mji mdogo hauna fedha nyingi za kuamulia wenyewe. Mishahara ya watumishi walio wengi na miradi mikubwa hutegemea Serikali Kuu. Kinachobaki mikononi mwa madiwani ni mapato ya ndani: ushuru wa soko na stendi, leseni za biashara, ushuru wa huduma, vibali vya ujenzi na vinginevyo. Hata hapo sheria inataka asilimia 10 iende kwenye mikopo ya vikundi, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ndiyo maana kila shilingi ya mapato ya ndani inastahili kuulizwa inakwenda wapi.

Ukikiona kitabu cha makisio usiogope unene wake. Tafuta safu tatu: kilichoidhinishwa mwaka huu, kilichokusanywa au kutumika hadi Desemba, na kinachoombwa mwaka ujao. Ikiwa chanzo fulani cha mapato kimefikia asilimia 30 tu katikati ya mwaka, na bado makisio mapya yamekipandisha, uliza sababu. Huenda ipo, kwa mfano ushuru wa mazao ambao msimu wake haujafika. Kama haipo, kuna mradi umeandikwa kwa fedha ambayo haitakuja.

Jambo linalonisumbua zaidi ni matunzo. Kupitia mradi wa kuimarisha miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, miji na manispaa 18, ikiwemo Korogwe, Babati, Njombe, Geita na Mpanda, ilipata fedha za miundombinu. Sasa mradi wa TACTIC, nao wa miundombinu ya miji, unahusisha miji 45. Ni neema kubwa. Lakini fedha za mradi hujenga na kuondoka, na bili ya kutunza hubaki kwa mji.

Chukua mfano wa soko, kwa tarakimu za kukadiria tu. Lina vizimba 200, kila kimoja kinalipa shilingi 15,000 kwa mwezi. Hizo ni milioni 3 kwa mwezi, milioni 36 kwa mwaka. Tuseme baada ya miaka 10 paa na mifumo ya maji machafu vitahitaji matengenezo ya milioni 60. Maana yake, tangu siku ya ufunguzi, soko hilo linadaiwa 500,000 kila mwezi za kuwekwa akiba, ukiacha mlinzi, usafi, umeme na vyoo. Je, kwenye kitabu cha makisio kuna kifungu hicho? Kisipokuwepo, ushuru wote unatumika kama faida wakati sehemu yake ni gharama, na mwaka wa kumi wafanyabiashara watanyeshewa wakiwa na risiti mkononi.

Barabara nazo ziko hivyo hivyo. Adui wa lami ni maji kuliko magari. Mtaro ukiziba, maji hupenya chini ya lami, tabaka la chini hulainika, kisha lori moja la mchanga linatosha kufungua shimo. Wahandisi hutenganisha matengenezo ya kawaida, ya maeneo korofi na ya muda maalumu. Ya kawaida, kuzibua mitaro na kufyeka kingo, ndiyo rahisi kuliko yote, na ndiyo yanayokatwa kwanza fedha zikipungua kwa sababu hayana utepe wa kukatwa wala jiwe la msingi. Hilo ni kosa la kisiasa, na sisi wapiga kura tunalichochea tunaposhangilia jengo jipya na kunyamazia la zamani.

Vivyo hivyo kwa maboma. Wananchi wamechangia matofali na nguvu zao hadi linta, kisha darasa au zahanati inasubiri mabati miaka na miaka huku boma jingine likianzishwa kata ya pili. Mwombeni mtendaji wa kata orodha ya maboma yote, mwaka ambao kila moja lilianzishwa na kiasi kinachohitajika kulimaliza. Orodha hiyo ikisomwa hadharani, hoja ya kuanza boma jipya inabidi ijitetee.

Kuhusu miaka mingi ijayo, uliza kama mji wako una mpango kabambe na kama bado ni hai. Ramani hiyo ndiyo inayosema barabara, mitaro, dampo na makaburi vitakaa wapi mji ukiwa umetanuka. Kutenga njia ya mtaro kabla viwanja havijauzwa hugharimu kazi ya wapima ardhi. Kuitafuta baada ya watu kujenga hugharimu fidia, kesi na nyumba zenye alama ya X nyekundu.

Mwezi Aprili ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni, na hutolewa kwa umma. Tafuteni jina la halmashauri yenu humo, muone yaliyoandikwa. Kisha Oktoba au Novemba mkutano wa mtaa ukiitishwa, nendeni na maswali matatu: mtaro wetu uko chini ya nani, umetengewa shilingi ngapi za kuuzibua mwaka ujao, na zilizotengwa mwaka huu zimetumika wapi. Hakikisheni mtendaji wa mtaa ameyaandika kabla kikao hakijafungwa.